Kimeng'enya cha kloroplasti kimefika lakini hakifanyi kazi: ninunue kingine?

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nachunguza jinsi ukame unavyoathiri usanisinuru kwenye maharage. Nataka kupima kazi ya kimeng'enya kiitwacho fruktosi-1,6-bisfosfatasi cha kloroplasti kwenye majani. Ili nipate kitu cha kulinganishia, nilinunua protini hiyo ikiwa tayari: ni ya njegere, imezalishwa ndani ya bakteria wa E. coli, ina mkia wa histidini (wa kuikamatia wakati wa kuisafisha), na usafi wake ni zaidi ya asilimia 85. Zilikuja mikrogramu 50 za unga mkavu. Kifurushi kilichelewa njiani, na kilipofika barafu yote ilikuwa imeyeyuka. Niliyeyusha unga kwa PBS (bafa, yaani mchanganyiko wa kushikilia pH, wenye chumvi na fosfati), nikauweka kwenye friji, kisha nikapima kwa njia ya NADPH, molekuli inayofyonza mwanga kwenye nanomita 340. Mstari umelala tu, haupandi. Msimamizi wangu anasema protini ilikufa kwa joto njiani, niagize nyingine. Fedha iliyobaki inatosha kununua mara moja tu. Tena mwenzangu wa maabara ananitisha kwamba hii ni GMO (kiumbe kilichobadilishwa jeni) na nilipaswa kuwa na kibali. Nifanye nini?"

Marahaba. Usiagize nyingine kwanza. Katika maelezo yako sioni ushahidi kwamba protini imeuawa na joto. Naona sababu kadhaa nyingine zinazotoa mstari ule ule uliolala, na karibu zote zitakurudia hata ukiletewa kichupa kipya kilichofungwa kwa barafu kavu hadi mlangoni.

Tuanze na barafu, maana ndiyo iliyowatia hofu. Protini iliyokaushwa kwa baridi na kuwa unga imeondolewa maji, na bila maji mambo mengi yanayoiharibu protini hupungua kasi sana. Ndiyo maana wauzaji wengi husafirisha unga wa namna hii bila kujali sana baridi, kisha wanakuambia uuweke kwenye nyuzi 20 au 80 chini ya sifuri ukishaupokea. Sisemi joto ni jema. Nasema siku chache za vuguvugu njiani mara chache hushusha kazi ya unga mkavu hadi sifuri kabisa. Ungeniambia kichupa kilikuja kikiwa na kimiminika, hapo ningemwunga mkono msimamizi wako.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni yaliyotokea baada ya kufungua. Hukusema protini ilikaa kwenye friji muda gani. Protini iliyoyeyushwa ikiwa hafifu, bila gliseroli, huanza kujishikiza kwenye kuta za kichupa cha plastiki, nyingine hugandana, na kilichobaki hupungua siku hadi siku. Maelezo ya kawaida ya bidhaa hizi husema uyeyushe kufikia miligramu 0.1 hadi 1 kwa mililita, uongeze gliseroli, ugawe katika vichupa vidogo na kuvigandisha, na usivigandishe na kuviyeyusha tena na tena. Cha kwenye friji kitumike ndani ya wiki moja. Ikiwa chako kimezidi hapo, sehemu ya lawama ni ya friji.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanafunzi wengi, na wasimamizi wao, hulipita bila kulitazama. Asilimia 85 ya usafi haikuambii chochote kuhusu kazi. Usafi huo hupimwa kwenye jeli, tabaka laini ambamo umeme hutenganisha protini kwa ukubwa, na kabla ya kuwekwa kwenye jeli protini huchemshwa pamoja na kemikali kali ya sabuni mpaka umbo lake lote linafumuka. Jeli inajibu maswali mawili tu: protini hii ina ukubwa gani, na imechanganyika na protini nyingine kiasi gani. Hakuna mtu aliyeipa malighafi akatazama kama inaibadilisha. Ukitaka ahadi ya kazi, tafuta kwenye hati ya bidhaa idadi ya yuniti (kipimo cha kasi ya kazi) kwa miligramu, pamoja na maelezo ya kipimo kilichotumika kuzipata. Kama hakuna yuniti, hukuuziwa kimeng'enya kinachofanya kazi. Umeuziwa protini, na muuzaji hajavunja ahadi yoyote.

Kaitoe hiyo hati uisome upya, na utazame mambo matatu. Kwanza, je, imeandikwa kwamba ni sehemu tu ya protini? Bidhaa nyingi za orodha hizi hutengenezwa ili kuchanja wanyama wa maabara na kupata kingamwili, na kwa kazi hiyo kipande kinatosha. Lakini kimeng'enya chako hufanya kazi kikiwa mkusanyiko wa nyuzi nne zinazofanana, kila uzi una kilodaltoni 40 hivi, jumla karibu 160. Kipande hakiwezi kujikusanya hivyo. Ukikipitisha kwenye jeli ukaona mstari kwenye kilodaltoni 20, hakuna bafa duniani itakayokiamsha. Kumbuka tu kuhesabu na mkia: wa histidini peke yake ni mdogo, lakini ukiambatana na protini nyingine ya kusaidia kuyeyuka unaweza kuongeza kilodaltoni kumi na zaidi.

Pili, tazama mfuatano unaanzia wapi. Jeni la kimeng'enya hiki halimo ndani ya kloroplasti; limo kwenye kiini cha seli. Protini hutengenezwa nje, ikiwa na kipande cha mbele cha asidi amino 50 hivi kinachoielekeza kuingia kwenye kloroplasti, na ikishaingia kipande hicho hukatwa. Bakteria hana kloroplasti wala hana mkasi huo. Mtengenezaji makini huanza na protini iliyokomaa, yaani bila kile kipande. Asiye makini huweka mfuatano mzima, na hapo protini huelekea kukunjika vibaya. Unaweza kulinganisha mwenyewe kwa kufungua ukurasa wa kimeng'enya hicho kwenye UniProt, hifadhidata ya protini ya mtandaoni, ambako mahali pa kukatia pameonyeshwa.

Tatu, kama wameeleza namna walivyoitoa kwenye bakteria. Protini za mimea mara nyingi hurundikana ndani ya E. coli kama vibonge visivyoyeyuka, na njia rahisi ya kuzitoa ni kuzifumua kwa yurea halafu kujaribu kuzikunja upya. Zikitolewa hivyo zinaweza kuwa safi sana kwenye jeli, na kazi zisifanye. Hati nyingi hazisemi. Waandikie uwaulize, ni haki yako, na jibu lao, hata la kukwepa, lina habari ndani yake.

Tuchukulie umekagua yote matatu na protini ni nzima, imekomaa, na haikufumuliwa. Bado mstari ungelala, na sababu yake ndiyo kiini cha swali lako.

Kimeng'enya hiki kimo kwenye mzunguko wa Calvin, ule unaotengeneza sukari kutokana na kabonidayoksaidi. Kinaondoa fosfati moja kutoka kwenye malighafi yake, fruktosi-1,6-bisfosfati, kinabaki na fruktosi-6-fosfati, na hatua hiyo hairudi nyuma. Mchana mmea unaihitaji sana. Usiku, jua likiwa halipo na mmea ukivunja wanga wake ili uishi, kimeng'enya hicho kikiendelea na kazi kitakuwa kinabomoa kinachojengwa upande wa pili, na nishati itapotea bure. Kwa hiyo mmea umekiwekea swichi, nayo ni ya kemikali. Kwenye kimeng'enya cha njegere kuna sisteini mbili (asidi amino zenye salfa), namba 153 na 173, ambazo gizani hushikana kwa daraja la salfa. Mwaka 1999 lilichapishwa umbo la kimeng'enya hiki kikiwa katika hali hiyo ya kuoksidika, na likaonyesha daraja hilo linavyovuta kipande kizima cha protini hadi mahali ambapo magnesi ingekaa panaharibika. Bila magnesi mahali pake, hakuna kazi.

Asubuhi mwanga ukipiga jani, elektroni hutoka kwenye mfumo wa kwanza wa mwanga, hupokewa na feredoksini, protini inayobeba elektroni, hupitishwa kwenye protini ndogo iitwayo thioredoksini f, na hiyo ndiyo inayokwenda kulivunja daraja. Habari hii haikujulikana mara moja. Bob Buchanan na wenzake kule Berkeley, California, walieleza mwaka 1967 kwamba feredoksini inakiamsha kimeng'enya hiki, na ilichukua miaka kumi mingine, hadi 1977, kuonyesha vizuri kwamba thioredoksini ndiyo iliyokuwa katikati. Pamoja na daraja kuvunjika, mwanga hubadilisha na mazingira ya ndani ya kloroplasti: pH hupanda kutoka 7 hivi hadi 8 hivi, na magnesi huongezeka kwa milimola moja hadi tatu. Mambo hayo matatu huenda pamoja, na kimeng'enya kinayasubiri yote.

Sasa fikiria safari ya protini yako. Ndani ya bakteria ilikuwa katika mazingira yanayozuia madaraja ya salfa. Kisha bakteria wakapasuliwa, protini ikapitishwa kwenye safu ya nikeli mbele ya hewa, ikaoshwa, ikakaushwa, ikasafiri. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyolinda sisteini zake dhidi ya oksijeni. Yaelekea imekufikia ikiwa katika umbo lake la usiku. Nawe ukaiyeyusha kwa PBS, ambayo pH yake ni 7.4 na haina magnesi, yaani ukaiwekea na mazingira ya usiku vilevile. Kama bafa ya kipimo chako haikuwa na DTT (kemikali inayovunja madaraja ya salfa), pH 8 na magnesi ya kutosha, kimeng'enya hiki kimefanya hasa kile ambacho mmea unakitaka kifanye gizani.

Kwa hiyo jaribio la kwanza halina gharama. Chukua protini kidogo uliyobakiza, iweke kwenye bafa ya Tris ya pH 8.0, ongeza DTT hadi milimola 10, uiache kwenye joto la chumba kwa dakika 30 hadi 60. Ukiongeza na malighafi yake kidogo pamoja na magnesi wakati wa kusubiri, kuamka huwa rahisi zaidi. Weka kichupa cha pili chenye kila kitu isipokuwa DTT. Kisha pima vyote viwili kwenye pH 8.0 na magnesi milimola 10. Tofauti kati ya vichupa viwili ndiyo jibu lako, kuliko namba ya kichupa chochote kimoja.

DTT yenyewe iangaliwe kwa jicho kali. Kwenye nyuzi 20 za joto, nusu ya DTT iliyo kwenye pH 6.5 huisha kwa saa 40 hivi. Kwenye pH 7.5 ni saa kumi. Kwenye pH 8.5 ni saa moja na nusu tu. Na nyuzi 20 si joto la maabara nyingi ninazozijua, hasa umeme ukikatika mchana. Ile DTT iliyotengenezwa mwezi uliopita ikaachwa kwenye bafa ya pH 8 ni maji yenye harufu. Pima unga, yeyusha kwa maji asubuhi hiyohiyo, weka kwenye barafu, changanya na bafa dakika ya mwisho.

Ukiweza kupata thioredoksini f, hata kidogo, uamshaji utakuwa wa haraka na kamili zaidi. Usikubali mtu akupe thioredoksini ya E. coli akisema ni ileile. Kimeng'enya hiki kinachagua, na thioredoksini ya bakteria inakiamsha kwa shida.

Lipo pia jaribio la pili la kuthibitisha kwamba protini iko hai hata kama DTT imekuangusha. Umbo la usiku halijazimika kabisa. Ukipandisha pH hadi 8.8 hivi na magnesi hadi milimola 20, hujivuta na kufanya kazi kiasi. Mazingira hayo hayapo ndani ya jani lolote, na namba utakayopata usiiandike kwenye tasnifu kana kwamba ni ya kibiolojia. Lakini mstari ukipanda hapo, unajua protini imekunjika sawasawa na tatizo lako ni swichi tu. Ukilala hata hapo, na hata baada ya DTT mpya, nitaanza kuamini kwamba haifai.

Kabla ya kuilaumu protini, hata hivyo, hakikisha kipimo chenyewe kinafanya kazi. Njia ya NADPH ni mnyororo: kimeng'enya chako hutoa fruktosi-6-fosfati, isomerasi huigeuza kuwa glukosi-6-fosfati, kisha dihidrojenasi huitumia kugeuza NADP kuwa NADPH, na hiyo ndiyo spektrofotomita inayoiona. Pete yoyote ikikatika, mstari hulala. Ukague mnyororo kutoka mwisho kuja mwanzo. Weka kila kitu isipokuwa protini yako, ongeza glukosi-6-fosfati kidogo: mstari lazima uruke. Ukitulia, ongeza fruktosi-6-fosfati: lazima uruke tena. Hapo ndipo unaongeza bisfosfati, na mwisho kabisa kimeng'enya chako. Usishangae ukiona mstari unaruka kidogo ukiweka bisfosfati peke yake kisha unatulia, kwa maana bisfosfati ya dukani mara nyingi huja na mabaki ya sukari zenye fosfati moja. Subiri mabaki hayo yaishe ndipo uanze kuhesabu.

Angalia pia kama bafa yako ina EDTA, kemikali inayoshika metali. Wengine huiweka kwa mazoea ili kulinda protini, nayo inakamata magnesi. Na kuhusu PBS, iache kabisa kwa kazi hii. Vimeng'enya vya kuunganishia mara nyingi huuzwa vikiwa ndani ya amoniamu salfati. Amoniamu, magnesi na fosfati zikikutana kwenye pH 8 zinaweza kutengeneza chembe ngumu, na kuveti (kichupa cha kupimia mwanga) ikaonyesha ukungu ambao mashine itausoma kama ufyonzaji wa mwanga. Ungekuwa unapima kwa njia ya rangi ya fosfati ingekuwa balaa zaidi, kwa sababu fosfati ya PBS ingezamisha ile unayoitafuta, na DTT nayo huingilia rangi ya molibdeti.

Nikuonyeshe kwa hesabu kwa nini kulala na kufa huonekana sawa kwenye mashine. Tuseme, kwa mfano tu, kimeng'enya kilichoamka kinatoa mikromola 10 kwa dakika kwa kila miligramu. Ukiweka mikrogramu moja kwenye kuveti ya mililita moja, utapata nanomola 10 kwa dakika, yaani mikromola 10 kwa lita. NADPH ya milimola moja kwa lita, kwenye njia ya sentimita moja, hufyonza 6.22, hivyo mstari utapanda kwa 0.062 kila dakika. Huo unauona bila miwani. Kikiwa kimelala na kazi yake imeshuka mara mia, utapata 0.0006 kwa dakika. Spektrofotomita nyingi hupepesuka zaidi ya hapo taa yake ikiwa bado inapata joto. Kwa hiyo "hakuna kazi" kwenye daftari lako isomeke "chini ya kiwango ambacho mashine yetu inaweza kuona", na ukiongeza protini mara tano au kumi kwenye kuveti unaweza kuiona.

Sasa niulize swali ambalo labda msimamizi wako hajakuuliza: unaihitaji protini hii kwa nini hasa? Kama ni kuthibitisha tu kwamba kipimo chako kinaweza kukigundua kimeng'enya kikiwepo, kuna chanzo cha bei rahisi kuliko kichupa chochote, nacho ni jani changa la njegere lililokaa juani. Panda njegere kwenye ndoo nje ya maabara. Kata jani saa nne asubuhi, lisage papo hapo kwenye bafa baridi ya pH 8 yenye magnesi na DTT, zungusha kwenye mashine kutenga makapi, pima maji ya juu. Utakuwa na kimeng'enya halisi, kilichokunjwa na mmea wenyewe, pamoja na thioredoksini yake. Mimi ningeanza hapo, na ningenunua protini baadaye kama bado kuna haja.

Jani lina hila zake pia. Kwenye saitoplazimu kuna ndugu yake, bisfosfatasi nyingine inayoshiriki kutengeneza sukari ya kawaida, isiyo na ile swichi ya salfa. Hiyo huzuiwa vikali na fruktosi-2,6-bisfosfati na AMP, molekuli mbili ndogo za seli, na hupenda pH ya katikati. Ya kloroplasti haijali sana mambo hayo na hutaka pH 8 na kuamshwa. Tofauti hizo ndizo unazotumia kuzitenganisha. Jani pia lina dihidrojenasi inayoendeleza mnyororo wako hatua moja mbele na kutoa NADPH ya pili, hivyo unaweza kuhesabu kazi mara mbili bila kujua. Ongeza dihidrojenasi hiyo ya 6-fosfoglukoneti kwa makusudi iwe nyingi, ugawe jibu kwa mbili, na utakuwa na uhakika.

Na kwa swali lako la ukame, hili ni muhimu kuliko protini ya kununua. Kiasi cha kimeng'enya kwenye jani la maharage na kiasi kilichoamka ni vitu viwili. Mmea wenye kiu ukifunga vinyweleo vyake, vyote viwili vinaweza kubadilika, na si lazima vibadilike pamoja. Pima mara mbili kwa kila jani: mara moja haraka bila DTT, upate kilichokuwa kimeamka wakati wa kukata, mara ya pili baada ya kuamsha vyote kwa DTT, upate jumla. Jani lisikae kivulini hata kidogo kabla ya kugandishwa, kwa maana swichi hurudi usiku ndani ya dakika chache. Kama hamna naitrojeni ya kimiminika, saga hapohapo shambani kwenye bafa baridi. Usibebe majani kwenye mfuko mweusi hadi maabara. Utakuwa umepima giza la mfuko.

Kichupa ulichonacho, hata kikigundulika kwamba ni kipande tu, usikitupe. Kwenye jeli kitakuonyesha mstari wako ukae wapi, na kwa kipimo cha kingamwili kinafaa kabisa, maana huenda ndicho kilichotengenezewa. Usikitumie tu kuchora mchoro wa kukadiria kazi kwenye majani. Protini ambayo hujui sehemu gani yake imeamka haiwezi kuwa rula.

Kuhusu GMO, mwenzako amechanganya mambo mawili. Kilichobadilishwa jeni ni bakteria aliyetengeneza protini. Protini iliyosafishwa haina uhai, haizaliani, haiwezi kuhamia kwenye shamba la mtu. Itifaki ya Cartagena kuhusu usalama wa kibiolojia, iliyopitishwa mwaka 2000 na kuanza kutumika 2003, inahusu viumbe hai vilivyobadilishwa. Taratibu za kuingiza kemikali za maabara bado zipo, na chuo chako kinapaswa kuzijua, lakini hilo ni jambo lingine. Hali ingebadilika kama ungeamua kuizalisha mwenyewe: ukiingiza plazmidi (kipande cha DNA chenye jeni hilo) ndani ya E. coli, unakuwa na kiumbe hai kilichobadilishwa, na hapo unaongea kwanza na kamati ya usalama wa kibiolojia ya chuo. Kenya jambo hilo liko chini ya sheria ya mwaka 2009 na mamlaka iliyoundwa nayo. Tanzania kuna kanuni za usalama wa kibiolojia za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Na kwa kuwa lebo yako bila shaka inasema ni kwa utafiti wa maabara tu, maana yake ni hiyohiyo: isiguse chakula, mtu wala mnyama wa nyumbani.

Kuizalisha mwenyewe, hata hivyo, ni njia ninayoiheshimu kama una miezi mbele yako na mtu wa kukushika mkono. Waandishi wa tafiti mara nyingi hutoa plazmidi ukiwaandikia kwa adabu na kueleza kazi yako. Unakuza bakteria kwenye joto la chini, nyuzi 18 hadi 20 usiku kucha, ili protini ikunjike polepole badala ya kurundikana. Usiweke DTT kwenye safu ya nikeli, itageuka kahawia na kupoteza nguvu. Iongeze baada ya protini kutoka. Faida ni kwamba lita moja ya bakteria inaweza kukupa miligramu, ambapo dukani ulilipia mikrogramu 50. Hasara ni muda, na mwanafunzi aliyebakiza muhula mmoja simshauri.

Ukibaki na nia ya kununua, basi fedha yako ya mara moja itoke kwa masharti: protini nzima iliyokomaa, yuniti zimeandikwa, kipimo kimeelezwa, na muuzaji amejibu barua yako kuhusu DTT na magnesi. Asipojibu, usinunue kwake.

Kuna mahali ambapo maandishi hayatoshi. Kama mnyororo wako unaruka vizuri kwa sukari zote mbili, jani la njegere linaonyesha kazi, lakini protini ya kununua imelala hata kwenye pH 8.8 na DTT ya asubuhi hiyo, tafuta mtu wa protini akae nawe mezani. Anayeweza kupitisha sampuli kwenye safu ya kupima ukubwa atakuambia kwa siku moja kama una kilodaltoni 160 au bonge lililogandana. Maabara za BecA, kituo cha sayansi za kibiolojia cha Afrika Mashariki na Kati, kwenye kampasi ya ILRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo), Nairobi, zimepokea watafiti wa ukanda wetu kwa miaka mingi, na idara za kemia au biokemia za vyuo vikubwa huwa na mtu mmoja anayejua kazi hii hata kama hatangazi. Ukimwendea, beba hati ya bidhaa, picha ya jeli, orodha ya kila kilichomo kwenye bafa zako pamoja na tarehe ya kutengenezwa, na mistari yote ya spektrofotomita, ikiwemo ile iliyolala.